Sili za Boti ya Bushiri

Oili iliyotoka kwenye mashine ya boti ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa, na boti yenyewe ilikuwa haijagusa maji kwa siku nne.

Muzamil alichovya kidole, akanusa. Tope la ziwani, la kule kwenye matete. Lakini mashine ilikuwa imefungwa kwenye stendi ya mbao gerejini kwake, Nangara, kavu kabisa.

"Fundi, mara ya tatu hii," alisema Romanus, mwenye boti. "Au mimi nikiondoka unaikogesha?"

Muzamil hakucheka. Romanus alipokwenda zake, akatoa pangaboi la nyuma ya mashine, akachomoa shafti inayolizungusha, akakiona alichokuwa akikiogopa. Sili za shafti, zile pete za mpira, ni mbili, nazo hufungwa zikipeana mgongo: mdomo wa moja hutazama ndani kuzuia oili isitoke, wa nyingine hutazama nje kuzuia maji yasiingie. Zote mbili zilitazama ndani. Alikuwa amezifunga sawasawa, kuna aliyezigeuza.

Kosa hilo alilijua yeye peke yake. Mwaka jana, akiharakisha kazi kabla ya Idi, alizifunga hivyo hivyo kwenye mashine hii hii. Mdogo wake Bushiri ndiye aliyekuwa akimwendeshea Romanus boti hiyo. Asubuhi moja Bushiri alipita gerejini, akasema, "Kaka, oili imekuwa nyeupe." Muzamil akamjibu bila kuinua kichwa, "Nenda tu, tutaangalia Jumatatu." Maji yaliharibu oili, gia zikasagika katikati ya ziwa, viboko wakaipindua boti, na Bushiri akapatikana siku ya tatu. Muzamil alizibadilisha sili kwa siri kabla matanga hayajaanuliwa. Mama yao alipouliza mashine ilikuwa na nini, alimwambia, "Hakuangalia oili, mama."

Siku iliyofuata alizifunga sili upya, akarudisha pangaboi, na adhuhuri, wenzake walipokwenda kuswali, akabaki kulinda. Jua lilikuwa la utosini. Kwanza alisikia matone yakidondoka sakafuni pasipokuwa na bomba, kisha harufu ya matete ikajaa banda zima, kisha pangaboi likaanza kuzunguka polepole huku mashine imezimwa, likazunguka na kuzunguka mpaka mkono uliolowa ukatokea nyuma yake, mkono usio na ukucha wa kidole gumba, ule ukucha uliong'olewa na mnyororo wa baiskeli walipokuwa watoto, na sauti iliyojaa maji ikanong'ona:

"Kaka, oili imekuwa nyeupe."

Alimwita Ustadhi Shaaban. Ustadhi alisoma, akapuliza, akanyunyiza maji ya kisomo kila pembe. Matone hayakukoma.

"Jini angekuwa ameshatoka," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hasikilizi kisomo. Anakusikiliza wewe. Umemfanya nini?"

Muzamil alikwenda nyumbani. Mama yake alikuwa uani akipepeta mbaazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umelowa jasho hivyo?"

Akamwambia yote, tangu sili mpaka ile Jumatatu ambayo haikufika. Ungo ukatulia mikononi mwa mama.

"Mwaka mzima," alisema, "kila swala namwombea mwanangu asamehewe uzembe wake. Kumbe ulikuwa wako?"

Mama akajitanda ushungi, akatembea mpaka gerejini bila kumngoja. Akaweka kiganja juu ya mashine, kama anayepima homa ya mtoto.

"Bushiri, baba," alisema. "Hukukosea. Uliangalia, na ulisema. Nimesikia. Nenda kapumzike."

Matone yakakoma. Mama akatoka, akampita Muzamil mlangoni bila kumtazama.

Kesho yake adhuhuri Muzamil alibaki tena peke yake. Alifungua parafujo ya chini, na oili ikatiririka safi, rangi ya asali. Akaisugua vidoleni, akainusa kwa muda mrefu, akitafuta tope, akitafuta matete. Haikuwa na harufu ila ya oili.

"Bushiri," aliita. "Nimeinua kichwa, mdogo wangu. Sema tena."

Pangaboi halikusogea. Ndipo akaketi sakafuni, pakavu, akamlilia mdogo wake kwa mara ya kwanza.