Taka Zilizovuka Barabara

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Siafu alimpelekea babu yake chupa ya chai. Safari yenyewe ilikuwa fupi. Alishuka kando ya mtaro mpaka barabara kubwa, akavuka, akateremka ngazi za zege, akawa amefika mlangoni kwa Babu. Lakini hakupita barabarani bila kuinama kuchungulia kalvati, lile bomba kubwa linalopitisha maji ya mtaro chini ya lami. Akiona chupa za plastiki zimeanza kukusanyika mdomoni mwake, alizihesabu moja moja kabla ya kuendelea.

Jina la Siafu alipewa na bibi yake kwa sababu hakuweza kutulia mahali pamoja. Bibi alizoea kusema kwamba mjukuu wake huyo hata akilala, miguu inatembea. Sasa Bibi hakuwepo. Katika mvua za mwaka uliopita kalvati iliziba, maji machafu yakafurika upande wa chini wa barabara na kuingia vyumbani. Bibi alikuwa tayari amedhoofika kwa kuhara na kutapika siku maji yalipoingia. Alibebwa kupelekwa hospitali, na hakurudi. Ukutani kwa Babu kulibaki mstari wa kahawia ulioonyesha maji yalifika wapi. Babu aliupaka chokaa. Ulipojitokeza tena, akauacha.

Babu alikuwa fundi redio. Tangu wakati huo aliinua kila kitu juu ya matofali: kitanda, meza ya kazi, kabati, hata kiti cha Bibi ambacho hakuna aliyekikalia. Alisema nyumba yake imevaa viatu virefu kama bibi harusi. Mama alimbembeleza ahamie kwao mtaa wa juu, akakataa. Wateja wake waliujua mlango huo, alisema, na Bibi pia aliujua.

Mwaka huo mawingu yalianza kujikusanya mapema. Siafu alikuwa hali vizuri wala halali vizuri. Kwa hiyo alifurahi sana halmashauri ilipomtuma afisa mazingira shuleni kwao. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya taratibu, na watoto walimwita Bibi Buti kwa sababu hakuvua buti zake za mpira hata jua likiwaka. Aliwaeleza wanafunzi jinsi taka zinavyozaa mbu na jinsi mtaro ulioziba unavyoleta kipindupindu. Jioni alipita mtaani na kipaza sauti akiwaeleza watu wazima yaleyale, maana wazazi, alisema, husahau haraka kuliko watoto.

Mpango ulikuwa huu. Jumamosi hiyo halmashauri ingeuazima mtaa wa juu majembe, reki, matoroli na glavu. Jumamosi inayofuata ingekuwa zamu ya mtaa wa chini. Kila kinachotoka mtaroni kitiwe kwenye magunia na kisogezwe kando ya barabara kubwa, kwa kuwa lori halingeweza kuingia vichochoroni. Alasiri Bibi Buti angekuja kukagua, na kazi ikiwa nzuri, mtaa ungepewa mapipa makubwa ya taka yenye mifuniko.

Mwenyekiti wa mtaa wa juu alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi ambaye kila mtu alimpenda. Jumamosi asubuhi alisimama juu ya ndoo akatangaza kwamba mtaro nao ni kichwa, na leo utanyolewa mpaka ung'ae. Watu wakacheka, wakashika kazi. Mama alifagia ukingo. Siafu na Kasuku, rafiki yake wa nyumba ya pili, walishika midomo ya magunia huku watu wazima wakijaza. Yalitoka matambara, madumu yaliyopasuka, kandambili zisizo na pacha, hata mguu wa kitanda.

Kufikia mchana magunia yalikwisha. Sehemu ya mwisho ya mtaro bado ilikuwa na tope zito lililojaa plastiki. Lori halikuonekana, habari zikaja kwamba lilikuwa limepata pancha mtaa mwingine. Upepo ukageuka, ukawa wa baridi. Kinyozi aliangalia mawingu, akaangalia barabara, akaangalia mawingu tena. Kisha akaamua. Walete reki zote, alisema, walisukume tope mpaka kwenye kalvati. Mvua ya leo ingewamalizia kazi.

Wanaume wakajipanga. Tope lilikwenda polepole, likakwama, wakaongeza nguvu. Mara kalvati ikalimeza lote, ikatoa mlio kama mtu aliyeshiba. Watu wakapiga makofi.

Siafu hakupiga. "Mama, linakwenda kwa Babu," alisema.

Mama aliangalia mdomo wa kalvati, kisha akamwangalia mwenyekiti. Uso wake ulibadilika, lakini alisema kwa sauti ya chini kwamba si vizuri mtoto kumkosoa mtu mzima mbele za watu. Angezungumza naye mwenyewe baadaye. Siafu akatazama juu. Mawingu hayakuonekana kama yatasubiri baadaye. Akachukua reki, akavuka barabara.

Upande wa chini, kalvati ilikuwa imetapika. Tope, madumu na mifuko vilikuwa vimerundikana mbele ya ngazi za Babu, na maji meusi yalianza kutafuta njia pembeni. Babu alitokeza kichwa mlangoni, akamwangalia mjukuu wake aliyejaa tope mpaka magotini.

"Hilo ndilo tope lote, au lingine liko njiani?" aliuliza.

"Lingine limeshafika, Babu."

Babu aliangalia nje. Hakugomba. Alirudi ndani, akazipandisha redio za wateja juu ya kabati, kisha akainama na kuongeza tofali moja chini ya kila mguu wa kiti cha Bibi.

Siafu hakuweza kumtazama. Aliingia mtaroni akaanza kuvuta taka kwa reki. Kila alichovuta kilikuwa kimefungamana na kingine, matambara yamezunguka waya, waya umeng'ang'ania madumu. Alivuta mpaka viganja vikamuuma, na rundo likabaki vilevile. Matone ya kwanza yakamgonga shingoni. Ndipo aliposikia honi ya lori juu barabarani.

Alipopanda, alimkuta Bibi Buti amesimama kando ya mtaro wa juu, akiusifu. Na kweli ulikuwa unapendeza. Kinyozi alikuwa akitabasamu mpaka magego, na Kasuku na wenzake walikuwa tayari wanabishana mapipa yawekwe wapi.

"Shikamoo," Siafu alimwambia Bibi Buti. "Kazi haijaisha. Tope limevuka barabara. Liko mlangoni kwa babu yangu."

Kasuku akamvuta gauni. "Siafu, mapipa," alinong'ona. "Utatukosesha."

Kinyozi alicheka kidogo. Alisema mtoto anampenda babu yake, jambo zuri, lakini mtaa wa chini nao una Jumamosi yake. Bibi Buti hakucheka. Alisema tu kwamba waende wakaone.

Walivuka pamoja, Mama akiwa mbele yao wote. Matone yalikuwa yameongezeka, na Babu, kama desturi yake kwa kila mgeni, aliwakaribisha ndani.

"Karibu, mwenyekiti. Ila kitandani usikae, matofali hayajakaa sawa."

Kinyozi aliingia akiwa bado na maneno mdomoni. Yakamwishia. Aliuona mstari ukutani, akausogelea, akaugusa kwa kidole. Mwaka uliopita, maji yalipofika hapo, yeye ndiye aliyembeba Bibi mgongoni kumvusha mpaka kwenye gari la hospitali. Kila mtu mle chumbani alikuwa akilikumbuka hilo.

Alitoka nje bila kuaga. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia mtaroni mpaka magotini. "Iteni watu," alisema. "Waje na reki zote."

Watu wakaja. Bibi Buti alimtaka dereva alizungushe lori mpaka upande wa chini, na ndani yake mlikuwa na magunia mengine, maana lilikuwa limesheheni vifaa kwa siku nzima. Majirani wa mtaa wa chini nao wakatoka na majembe yao.

"Karibuni, majirani," mmoja wao aliwaambia. "Mmefuata mali yenu?"

Walifanya kazi mvua ikiwanyeshea, wengine wakivuta, wengine wakijaza, wengine wakibeba. Hata Kasuku alishika mdomo wa gunia, ingawa alikuwa amenuna. Ghafla maji yakanguruma ndani ya bomba, yakapita kwa kasi. Yalipanda mpaka ngazi ya chini kwa Babu, yakasita hapo huku watu wakiyaangalia bila kupumua, kisha yakashuka.

Walijikinga barazani kwa Babu, wamelowa chapachapa. Mapipa hayakutolewa siku hiyo. Kinyozi alisema hakustahili hata kuyaulizia. Alidhani amesafisha, kumbe amehamisha tu. Kisha akamgeukia Siafu, akasema wakati mwingine akiona kitu kama hicho amwambie pale pale, hata kama amesimama juu ya ndoo.

Bibi Buti alikuwa akimwaga maji kutoka kwenye buti zake. "Halmashauri italeta lori, reki na magunia," alisema. "Macho ya kuangalia upande wa pili wa barabara mtaleta ninyi. Taka ukizisukuma kwa jirani hujasafisha. Na mwenye ujasiri wa kulisema hilo, awe mkubwa au mdogo, asikilizwe kabla mvua haijanyesha."

Wiki zilizofuata, mafundi wa halmashauri walichomelea wavu wa chuma mdomoni mwa kalvati. Mitaa yote miwili ikapangiwa siku moja ya usafi, wakianzia chini kwenda juu. Kazi ya siku hiyo ya kwanza ya pamoja ilipokaguliwa, mapipa yakaletwa, yakawekwa karibu na kalvati ili kila upande uyatumie. Kasuku akaanza tena kuzungumza na Siafu, na hakunyamaza.

Asubuhi moja baada ya mvua ya kutwa, Siafu alishuka na chupa ya chai. Aliinama kama kawaida yake. Ndani ya bomba aliona mwanga wa upande wa pili.

Kwa Babu, matofali yalikuwa yamepangwa nje ukutani. Kiti cha Bibi kilikuwa sakafuni.

"Keti," Babu alisema, akimimina chai. "Kimeshuka."

Siafu akaketi, na miguu yake ikatulia.