Gome Lililonukia Bweni

Mimi, Mheshimiwa, mwenyekiti wa kudumu wa Chama cha Sayansi, bingwa wa makazi ya wanyama watambaao na mshauri wa mijusi wa rika zote, ninayo heshima kuwatangazia namna bora ya kumjengea mjusi kafiri nyumba ndani ya tangi la kioo. Uenyekiti nilijipa mwenyewe. Ubingwa ulidumu siku nne. Siku ya tano mjusi alishindwa kushika kioo.

Bweni letu la wasichana huamka kwa kengele na kuishi kwa pua. Kila asubuhi matroni hupita kati ya vitanda akinusa. Hatazami, ananusa. Sakafu ikinukia dawa ya kudekia, mmefaulu. Isiponukia, mnarudia huku wenzenu wakinywa uji. Baada ya miaka mitatu ya kunuswa, sote tuliamini kwamba usafi ni harufu. Shikeni hilo, maana ndilo lililonitia matatani.

Mjusi mwenyewe alianguka kutoka dari la maabara, akakatika mkia. Tulimwita Bibi Dari. Alikuwa na mimba: kupitia ngozi ya tumbo lake uliyaona mayai mawili, meupe kama punje za mahindi. Mtunza maabara, mzee anayezungumza na wanafunzi kama anayefukuza kuku, alitupa tangi la zamani la samaki tumtunze humo mpaka atage. Kazi aligawa yeye. Udongo na majani makavu alipewa Sindano, mwenzangu wa bweni na wa chama. Mawe na gome la kupandia nilipewa mimi, na lawama zake.

"Mawe laini, yasiyo na ncha. Yakae chini kabisa ya tangi, si juu ya udongo, yasije yakamwangukia," alisema. "Gome liwe kavu, lililoanguka lenyewe, si la mti wenye utomvu. Limwagie maji yanayochemka, kisha lianike juani siku tatu. Umesikia, wewe wa mdomo?"

"Nimesikia, mwalimu."

"Kusikia, hata kuta zinasikia. Fanya."

"Huyu?" Sindano akacheka. "Huyu hata soksi zake hazijawahi kuliona jua."

Mimi na Sindano tulikuwa paka na panya tangu siku nilipoiziba shingo ya sweta yake kwa uzi, akaja mstarini akiwa amekwama kichwa kama kobe. Kwa hiyo siku zile tatu za kuanika gome nilizitumia kwa jambo muhimu zaidi: kukusanya magunzi ya mahindi na kuyashindilia ndani ya mto wake. Siku ya tatu jioni nikakumbuka gome. Nikalichomoa kwenye kuni za jikoni. Lilikuwa na vumbi na utando wa buibui. Maji ya moto yalitaka foleni. Jua lilikuwa limeshaaga. Nikafikiri kama mtoto wa bweni anavyofikiri: nikaazima dawa ya kudekia ya matroni bila kumsumbua kwa kumwambia, nikalowesha gome kwenye ndoo mpaka maji yakawa meupe kama maziwa, nikalifuta. Likanukia kama ukaguzi wa Jumamosi.

Kesho yake mtunza maabara alikuwa na mafua, pua imeziba kabisa.

"Lilimwagiwa maji ya moto?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Likaanikwa?"

"Siku tatu."

Sindano alikunja uso. "Mbona hapa panabweni-bweni? Pananuka kama chumba chetu."

"Ni wewe," nikamjibu, nikalifunika gome kwa majani yake.

Siku ya tano Bibi Dari alipanda kioo, akateleza, akabaki chini mdomo wazi, ubavu ukipanda na kushuka. Ngozi iliyokuwa ya kahawia ilipauka kama jivu. Mtunza maabara alimtoa upesi, akamsuuza kwa maji vuguvugu, akamweka kwenye boksi safi lenye karatasi nyevu. Kisha akamgeukia Sindano.

"Haya majani umeyatoa wapi?"

"Nyuma ya maktaba," Sindano alisema.

"Bustani ya mboga imepigwa dawa ya wadudu Jumatatu. Nimeambiwa ulionekana huko."

"Nilikwenda kuchota maji! Majani sikuyagusa!"

"Akifa na mayai yake, wewe na chama hiki basi. Nje."

Sindano hakutoka. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini sauti yake haikutetemeka. "Vipime vyote, mwalimu. Si majani yangu tu. Vyote."

Mzee alinung'unika, ila akachemsha maji. Akamwagia majani kwenye beseni: harufu ya majani. Akamwagia udongo: harufu ya mvua. Mawe: hakuna. Wakati huo matroni aliingia kurudisha kipimajoto. Maji ya moto yalipolipiga gome, mvuke ukapanda, na matroni akasimama mlangoni kama askari aliyesikia filimbi. Akanusa mara moja tu.

"Nani ameleta dawa yangu ya kudekia huku?"

Nilitazama dari.

"Chupa imepungua nusu," matroni aliendelea. "Nikajisemea, hatimaye kuna mtoto ameamua kudeki."

"Gome ni la nani?" mtunza maabara aliuliza, ingawa alijua.

"Langu," nikasema. "Sikulimwagia maji ya moto. Sikulianika. Nilidhani likinukia limesafika."

Nilingoja ngurumo. Ikaja sauti ya chini ya mzee, ambayo ni mbaya zaidi.

"Mjusi hunywa kwa kulamba matone kwenye gome. Ulichopaka amekilamba yeye. Pua inakuambia kitu kinanukiaje, haikuambii kama ni salama. Lakini hilo hukulijua, na asiyejua hufundishwa. Nilipokuuliza ulijua. Ungesema kweli asubuhi ile, tungelitoa gome asubuhi ile. Sumu yake ni uongo wako, binti yangu, na uliuacha umle mwenzako pia."

Bibi Dari alikaa kwenye boksi siku mbili bila kula. Ya tatu akamkamata nzi. Nilileta gome jingine, nikalimwagia maji yanayochemka, likakaa juani siku tatu kamili, Sindano ameketi mbele yake kwenye kiti kama mlinzi wa benki. Wiki iliyofuata, Bibi Dari akiwa amerudi tangini, mayai mawili yalikuwa yamenata nyuma ya gome hilo, mazima.

Adhabu yangu ni kudeki bweni mwezi mzima na kuandika maelezo haya yabandikwe kando ya tangi. Nilikuwa nimeshaweka nukta ya mwisho Sindano alipokuja nyuma yangu, akasoma yote, magunzi pamoja. Hakucheka.

"Umeandika 'nimeambiwa ulionekana huko'," alisema. "Aliambiwa na nani?"

"Mwalimu hakusema."

"Mheshimiwa."

Nikashika kalamu tena, nikaongeza:

Ni mimi. Nilimwona Sindano na ndoo yake kwenye bomba la bustani ya mboga, nikaenda kumwambia mzee, na lile neno "ndoo" nikaliacha makusudi. Nisamehe, Sindano.

"Liache hivyo hivyo," alisema. "Usilifute." Akaenda zake.