Kabla ya Kumleta Sungura Nyumbani

Yasmini alikuwa na miaka kumi. Aliishi Makambako na mama yake, Bibie, aliyeuza vitenge sokoni. Baba yake, Mudy, alikuwa dereva wa lori. Mara nyingi alikuwa safarini.

Mwezi wa kwanza dada yake, Anifa, alikwenda kusoma bweni Njombe. Tangu siku hiyo kitanda walicholala pamoja kilikuwa kikubwa mno. Yasmini alitoka shule, akala, akakaa mlangoni akitazama barabara.

"Mama, naomba sungura," alisema siku moja. "Niwe naye tu."

Bibie alimwonea huruma. Jumamosi alirudi na sungura mweupe ndani ya boksi. Yasmini alimwita Pamba. Alimbeba kutwa nzima. Alimweka jikoni, sakafuni, ndani ya boksi lilelile. Alimpa majani ya kabichi, tena mengi, kwa sababu Pamba aliyapenda.

Wiki ya pili Pamba aliacha kula. Tumbo lilivimba.

"Tusubiri kesho," alisema Bibie. "Labda amechoka."

Asubuhi walimkuta amekufa.

Yasmini hakulia mbele ya watu. Lakini kila akitoka shule, mkono wake ulichuma majani njiani. Akifika nyumbani alikumbuka, akayatupa nyuma ya mlango. Siku moja Bibie aliliona lile rundo la majani makavu. Alisimama hapo muda mrefu. Kisha alimshika mwanawe mkono, wakaenda kwa Dorosela.

Dorosela alikuwa mtaalamu wa mifugo. Aliishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Watu walimwita Daktari.

"Shikamoo, Daktari," alisema Yasmini.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Bibie alieleza yote. Dorosela alisikiliza bila kumlaumu mtu.

"Mama Anifa, kabichi nyingi hujaza tumbo la sungura gesi," alisema. "Chakula chake kikubwa ni nyasi, hasa nyasi kavu safi. Meno yake hukua siku zote, na nyasi ndizo huyapunguza. Mboga ni kidogo tu. Maji safi yawepo muda wote. Na sungura akiacha kula, usingoje kesho. Mlete siku hiyohiyo."

Yasmini aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyempa kabichi."

"Hukujua. Sasa umejua. Je, unataka mwingine?"

"Nataka sana."

"Basi nikuulize. Sungura akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka minane, hata kumi. Ukienda bweni kama dada yako, nani atamlisha?"

Yasmini alimtazama mama yake.

"Mimi," alisema Bibie.

"Unasema kweli, au unamfurahisha mtoto?"

Bibie alimshika Yasmini bega. "Nasema kweli, Daktari. Hata mimi ile nyumba inanielemea. Namkumbuka Anifa kila ninapopakua chakula."

Yasmini alishangaa. Hakujua kwamba mama naye alikuwa hivyo.

"Jambo jingine," alisema Dorosela. "Sungura hapendi kuishi peke yake. Hupata upweke."

"Kama mimi?"

"Kama wewe. Chukueni wawili, majike wa mama mmoja. Mkichanganya jike na dume, baada ya muda mfupi watajaza banda. Na hapa kwetu kuna upepo na baridi. Jengeni kwanza, sungura waje baadaye."

Mudy aliporudi, alijenga banda la mbao lililoinuka kutoka chini. Upande wa upepo aliuziba. Ndani aliweka chumba kidogo cha kujificha, na mbele akazungusha wavu ili wapate pa kukimbia. Yasmini alikausha nyasi juani. Kisha alisubiri. Mfugaji mmoja wa Njombe, mzee Joackim, alikuwa na watoto wa sungura, lakini walikuwa bado wananyonya. Wiki tano Yasmini alifagia banda tupu.

Hatimaye wakaja, wawili wa kijivu. Mara moja walikimbilia chumbani, wakajificha.

Yasmini alitamani kuwashika mpaka vidole vikamwasha. Lakini Daktari alimkataza. "Usimwinue kwa masikio. Usimfukuze. Sungura wengi hawapendi kubebwa. Kaa chini, ungoje aje mwenyewe."

Alikaa siku ya kwanza. Hakuja yeyote. Alikaa siku ya pili, na ya tatu. Kila jioni alibadilisha maji, akaongeza nyasi, akakaa.

Siku ya tisa mmoja alitoka polepole. Alinusa kiatu. Alinusa sketi. Kisha akaweka miguu ya mbele juu ya goti la Yasmini.

Yasmini hakumkamata. Alipumua taratibu tu.

Bibie alikuwa anatoka sokoni. Alipoona, alitua mzigo wa vitenge, akavua kandambili, akakaa chini karibu na binti yake. Baada ya muda, yule wa pili naye akatoa pua nje.