Baiskeli ya Kufika kwa Mama, Rwimbogo

Kila Jumapili baada ya misa, jirani yangu Thacienne alisimama uani kwake Giheke, Rwanda, akitazama upande wa Rwimbogo. Mama yake alikuwa huko. Vita vya Kongo viliwatenganisha mwaka 1996, wakaonana tena baada ya miaka mitatu. Mama alikuwa amezeeka na macho yake yalianza kufifia. Thacienne alitamani kwenda kila wiki, mama amwone uso angali anaweza. Lakini kwa miguu, kwenda na kurudi ni siku mbili.

Yeye na mumewe wakauza mbuzi ili wanunue baiskeli. Nikawasindikiza sokoni Kamembe.

Loo, Hakizimana, mumewe! Alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, na Bukavu haijamtoka moyoni. Aliona baiskeli nyekundu ya mashindano, yenye matairi membamba, akaganda hapo hapo. Alisema ujanani alikuwa na ya namna ile, akiiendesha kwenye lami kando ya ziwa. Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Sote tuliorudi kutoka Kongo tumeacha kitu ng'ambo.

 Mbarushimana, fundi wa baiskeli, ndiye aliyeuliza wanataka kwenda wapi. Wakamwambia.

"Papa, hii kinga ni ya lami tu," fundi akasema, akibonyeza tairi la ile baiskeli nyekundu. "Kule lami inaisha. Majiwe itapasua pineu, na maman huyu atatembea na miguu."

Akatoa baiskeli nyingine, kuukuu, rangi imebambuka, bei nafuu. Matairi yake yalikuwa ya unene wa kati. Membamba hupasuka kwenye mawe, alisema, na mapana mno huchosha kwenye lami. Ilikuwa na gia za kupandia mlima na kiti imara cha nyuma.

Kisha akatufundisha kuikagua. Zungusha gurudumu, lisiyumbe. Tafuta ufa kwenye fremu. Simama na fremu katikati ya miguu, nyayo zote mbili ziguse chini. Bana breki zote mbili. Na usilipe kabla ya kuijaribu kwenye lami na kwenye mawe, mkiwa wawili, kwa sababu ndivyo mtakavyosafiri. Kwenye mteremko mkali, wa nyuma ashuke.

Wakaijaribu. Breki ya nyuma iliteleza, fundi akabadilisha raba zake. Pesa iliyobaki ilinunua pampu.

Hakizimana aliitazama ile nyekundu, machozi yakimlengalenga. "Bukavu yangu ibaki hapa," akasema. "Twende kwa mama."

Jumapili iliyofuata walifika kabla ya saa sita. Mama alimshika Thacienne mashavu, akamsogeza kwenye mwanga, akamtazama muda mrefu. Akauliza atarudi lini. Thacienne akajibu Jumapili. Mama hakuamini.

Miaka miwili imepita, na hawajakosa Jumapili hata moja. Mama haoni tena kabisa. Lakini kila Jumapili anaomba avalishwe kitenge chake kizuri, na tangu asubuhi anakaa nje, uso kaugeuzia njia.