Kiti cha Muuaji

Jioni ile niliingia darasani nimenuna. Wanafunzi wangu wa jioni ni watu wazima wanaorudia mtihani wa fasihi, na wote walikuwa wameandika ujinga uleule. Katika hadithi tunayosoma, kaka anamnyonga dada yake kwa mtandio. Kwa nini? Eti wivu.

"Wivu, wivu! Nani kawakaririsha?" niliwafokea. "Nataka kujua kichwani mwake mlikuwa na nini."

"Funza, mwalimu," alisema fundi magari. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Nikavuta kiti mbele ya ubao. Ndiyo njia yangu ya kufundisha: anayekaa pale anakuwa mhusika, anasema "mimi", anaulizwa maswali, na hasimami mpaka mwingine aje kumpokea. Hakuna aliyejitolea. Nikamnyooshea kidole mdogo wangu wa kike, msusi anayesoma darasa hilohilo, ambaye tunaishi naye nyumba moja.

"Kaka, mimi namwogopa huyu mtu."

"Kaa. Usinitie aibu."

Akakaa. Nje giza lilianza kuingia.

"Ulimwonea dada yako wivu?" aliuliza muuguzi aliyekaa mstari wa mbele.

Mdogo wangu akainamisha kichwa.

Kisha ikaja harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

"Wivu?" Sauti iliyomtoka mdogo wangu ilikuwa nzito, haina haraka. "Nilimpenda."

"Basi ulikuwa na hasira," nilisema.

"Hasira unazo wewe. Mwenye hasira hupiga kelele, watu wakaja. Mimi nilikuwa mtulivu, kama mtu anayezima taa akalale. Nilimwita kwa upole. Akaja."

Hayo hayamo kwenye hadithi. Nimeifundisha mpaka naijua kwa moyo, hayamo. Fundi magari hakuwa anatabasamu tena.

Mikono ya mdogo wangu ikapanda taratibu. Ikaushika mtandio shingoni mwake.

Ikauvuta.

"Imetosha," nilisema. "Simama."

"Huyu naye ni dada wa mtu," ikanong'ona ile sauti.

Ikavuta tena...

Lakini macho yalikuwa yake, na yalikuwa yananiomba. Muuguzi na fundi walimrukia, wakashindwa kuibandua ile mikono. Mikono ya msichana anayesuka nywele! Midomo yake ikaanza kubadilika rangi. Sijawahi kuogopa vile maishani.

Hasimami mpaka mwingine aje kumpokea. Sheria yangu mwenyewe, mjinga mimi.

Nikamsukuma akaanguka chini. Nikakaa.

Mikono yake ikalegea. Akakohoa, akavuta pumzi, akaanza kulia. Muuguzi akamkokota nje.

Na mimi... sikusikia sauti yoyote. Hakuna kilichonipanda. Ila hasira niliyoingia nayo ilikuwa imekwisha, yote, mpaka mzizi.

"Nani anakuja kunipokea?" niliuliza.

Darasa lilikuwa tupu. Wote walishatimua mbio. Nikangoja kidogo, kisha nikasimama mwenyewe, nikazima taa.

Tangu hapo sijamfokea mtu. Majirani wanasema mwalimu kapata adabu ukubwani. Mdogo wangu ndiye anayefurahi kuliko wote. "Kaka, siku hizi umekuwa mtu mzuri," ananiambia.

Jana nilimnunulia komeo la chuma, nikalipigilia kwa ndani kwenye mlango wa chumba chake. Nikamwambia awe analifunga, na asinifungulie hata nikimwita.

"Hasa nikikuita kwa upole," nilimwambia.

Alicheka. Alidhani namtania.