Nani Ataniangalia Nyuma ya Sikio?

Kila asubuhi Nereida huchemsha kahawa ya vikombe viwili. Kimoja hunywa mwenyewe. Cha pili hukitazama mpaka kipoe, kisha huumwagia mpapai ulioko uani. Mpapai haukuomba kahawa, maskini, na huenda siku hizi haupati usingizi.

Nereida ni mjane wa miaka hamsini na minne. Binti yake wa pekee, Yanilda, yuko New York mwaka wa nne sasa. Hupiga simu ya video kila Jumapili. Jumapili iliyopita alikuwa anapika huku anaongea. Alimtupia mama jicho mara moja tu.

"Uko vilevile, mama. Kama picha ya ukutani."

Maneno hayo yalimkaa Nereida kooni kama mwiba wa samaki. Alhamisi akarudi nyumbani na boksi la rangi ya nywele. Nyekundu, ile nyekundu ya nyanya mbivu! Miaka yote alikuwa anapaka nyeusi. Jumapili hii Yanilda atamtazama, apende asipende.

Alikwisha koroga rangi kwenye bakuli mlango ulipogongwa. Alikuwa Fiordaliza, msusi mwenye saluni mtaa huohuo. Alikuja kuomba barafu, macho yakatua kwenye bakuli.

"Jirani! Unapika mchuzi au unajipika mwenyewe?"

"Nabadilika."

"Badilika, nani kakukataza? Umeipima kwanza?"

"Nipime nini? Miaka kumi napaka rangi."

"Hata miaka ishirini. Mwili uliokubali jana waweza kukataa leo. Mteja wangu mmoja alivimba macho, akawa anatafuta mlango kwa kupapasa. Hiyo karatasi uliyowekea bakuli, umeisoma?"

Nereida akaliinua bakuli. Bakuli lilikuwa limekwisha chora duara jekundu katikati ya maelezo.

"Imeandikwa hapo," Fiordaliza akasema. "Paka tone dogo nyuma ya sikio, ungoje siku mbili. Pakiwasha, pakiwa pekundu au pakivimba, rangi hiyo usiiguse tena. Na uso ukivimba au pumzi ikibana, ni hospitali mbio. Halafu nywele zimelala hivyo, umeweka lini dawa ya kunyoosha?"

"Jumamosi. Mwenyewe, hapahapa."

"Dawa Jumamosi, rangi kali Alhamisi! Nywele zingebaki kwenye kitana, kichwa kibaki na masikio yake."

Nereida akacheka. "Haya, nipime. Na nani ataniangalia nyuma ya sikio? Mpapai?"

Alitaka uwe utani, lakini sauti ilikatika katikati. Tangu mazishi ya mumewe hakukanyaga saluni. Miaka miwili hakuna mkono uliomgusa kichwa.

Fiordaliza akasahau barafu, akampaka tone la rangi nyuma ya sikio.

"Mimi nitakuangalia. Kesho asubuhi. Kahawa iwepo."

Ijumaa alikuja, akanywa kikombe cha pili, akatazama. Palianza kuwasha. Jumamosi palikuwa pekundu, pana vipele.

"Umeona? Hivyo vingekuwa kichwa kizima."

Machozi yakamtoka Nereida. "Basi kesho ni picha ya ukutani tena."

"Rangi imekataa. Mkasi haujakataa."

Nywele ndefu nyeusi zikaanguka sakafuni. Miezi minne hakuwa amezipaka, na zilizobaki, urefu wa vidole viwili, zilikuwa mvi tupu, nyeupe kama pamba. Vidole vya Fiordaliza vilipita kichwani taratibu. Nereida alifumba macho, akatamani mkasi usimalize kazi.

Jumapili Yanilda alipiga simu, mwiko mkononi. Mwiko ukaanguka.

"Mama? Ni wewe huyo?"

"Ni mimi."

"Geuka. Tena! Mama, unapendeza mpaka naogopa."

Alimtazama mpaka chakula kikaungua. Kisha simu ikakatika, nyumba ikarudia ukimya wake. New York ni mbali, na kunyoa hakuisogezi.

Ila siku hizi, mwanamke yeyote wa mtaani anayeishi peke yake akitaka kupaka rangi, Fiordaliza humpaka tone nyuma ya sikio. Baada ya siku mbili mwanamke huyo husikia hodi. Ni Nereida na mvi zake.

"Geuza sikio, shoga, nitazame. Kahawa ipo?"

Nyumbani kwake bado huchemsha vikombe viwili. Fiordaliza hunywa cha pili kabla ya kufungua saluni.

Mpapai sasa unalala.