Miche ya Mstari wa Nyuma

Kila akitoka shule, Kimya alivua viatu mlangoni. Baba yake alikuwa mlinzi wa usiku, mchana analala, na mama alifanya kazi mji wa mbali. Basi nyumba nzima ilikuwa ya kunyata. Hata sufuria aliitua chini kama anatua yai. Ndiyo maana wenzake wakamwita Kimya, na jina likamganda.

Akishakula peke yake, alikwenda nyuma ya nyumba kumwagilia mihogo ya majaribio. Miche hiyo ilikuzwa maabara, ndani ya chupa, ili ipatikane aina inayohimili ugonjwa ulioozesha mihogo ya wakulima mwaka uliopita. Mtaalamu aliyeileta, ambaye Kimya alimwita Dada wa Chupa, alikuja kila Jumamosi kuikagua. Akimaliza, alikalia ndoo wakapiga soga. Wiki nzima Kimya alikuwa akiyaweka maneno akiba kwa ajili ya siku hiyo.

Mara majani ya mstari wa nyuma yakaingia madoa ya njano, kisha miche kadhaa ikanyauka. Kimya akawaza: mihogo ikifa, Dada atafuata nini tena hapa? Akaing'oa, akaitupa nyuma ya choo, akapandikiza mizima kutoka kwenye kitalu cha miche ya akiba alichoacha Dada.

Jumamosi Dada alikagua akatabasamu, akamtania kwamba kumbe shamba lina mganga. Mambo yakiendelea hivi, alisema, msimu ujao wakulima watagawiwa mbegu hii.

Kimya akamkumbuka mwenzake wa dawati. Mwaka ule wa ugonjwa, kwao walichimba mihogo iliyooza, akawa anakuja shule na njaa. Soga ya siku hiyo haikunoga. Dada alipobeba begi lake, Kimya akasema:

"Dada, mstari wa nyuma siyo wenyewe. Miche ile ilikufa. Niliogopa hutakuja tena."

Dada akatua begi. Wakaenda kuiokota nyuma ya choo, akaipasua mizizi yake, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mdogo wangu, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta," akasema. "Mche ukifa hapa, kasoro tunaijua mapema. Ukiuficha, wakulima watakuja kuijua kwa njaa yao. Siku nyingine uache ulivyo, uniambie. Na upweke nao uniambie, usiufukie. Jumamosi nakuja."

Alipoondoka, nyumba ikanyamaza kama kawaida. Lakini jioni, baba alipokuwa akivaa koti la kazi, Kimya alimsimulia yote, bila kunong'ona.